Jicho na Msomaji Wake

Mama mdogo hakuweza kupita mbele ya kibao chenye kosa akanyamaza. Kinyozi wa mtaani kwetu alikipaka upya kibao chake mara mbili kwa sababu yake, na mara ya tatu alipomwona anakaribia alimnyooshea brashi: "Shika mwenyewe mama, mimi nimesalimu amri." Kadi za harusi alizisahihisha kabla hajasoma nani anamuoa nani. Katika kiwanda cha kuchapa vitabu alikofanya kazi miaka ishirini na saba walimwita Jicho, na jina likamkaa.

Siku hizi namkumbuka mno, kwa kuwa kiwanda kimefungwa na chumba chetu kimekuwa duka la vipuri. Kinachonijia kwanza ni ile meza. Ilikuwa pana, ya mbao, imejaa madoa ya wino, na mguu mmoja umetiliwa kipande cha jalada ili isicheze. Nyuma ya ukuta mashine zilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kwenye visahani. Mama mdogo alikaa upande wa dirishani, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, peremende ya tangawizi shavuni, kalamu nyekundu mkononi. Mimi nilikaa mkabala naye. Sijawahi kupata kiti kingine nilichokipenda kama kile.

Kazi yetu ilikuwa ya watu wawili. Msomaji alishika mswada wa mwandishi akausoma kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na kila alama. Msahihishaji alishika prufu, yaani zile kurasa za majaribio, akafuatisha kwa kalamu. "Aya mpya. Fungua mtajo, herufi kubwa, Umerudi, alama ya kuuliza, funga mtajo." Ndivyo ilivyokuwa tangu asubuhi. Msomaji wa zamani alipostaafu walijaribiwa watatu, na mama mdogo akawakataa wote kwa kosa moja: walisoma vizuri kupita kiasi. Penye msiba walilia, penye kichekesho walicheka, sikio lake likachukuliwa na hadithi na makosa yakapita. Ndipo akanileta mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, shule zimefungwa, na nilikuwa nimehamia kwake mwaka mmoja kabla, mama yangu, ambaye ni dada yake, alipofariki. Sauti yangu haipandi wala haishuki. Shuleni walinicheka kwa sauti hiyo hadi nikaacha kunyoosha mkono. Mama mdogo alisikiliza kurasa mbili tu, akavua miwani, akamwambia meneja, "Msiniletee mwingine." Nimesifiwa mara chache maishani, na sifa ile ndiyo ninayoikumbuka hadi leo.

Nina usonji. Neno hilo tulipewa na daktari nikiwa na miaka kumi na minne; kabla ya hapo nilikuwa mkaidi, mwenye maringo, bubu wa kujitakia. Basi siku ulipoletwa mswada wa riwaya ambayo msimulizi wake ni kijana wa miaka kumi na mitano mwenye usonji, nusura niruke. Mtu kama mimi, anasema "mimi" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho!

Furaha yenyewe ilidumu sura mbili. Kijana yule alihifadhi kichwani namba za magari yote ya mtaa wao, na utani haukumwingia hata chembe. Rafiki yake akisema amekufa njaa, yeye anauliza mazishi ni lini. Mimi na mama mdogo tulicheka mpaka meneja akachungulia mlangoni. Tangu siku hiyo, ikifika saa ya chakula, nilifunga mswada nikasema kwa sauti yangu ileile, "Mama mdogo, nimekufa njaa, nukta," naye akanijibu, "Mazishi saa saba, nukta, lete sahani." Namba za magari, mpaka leo, sijui hata moja.

Tulipofika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili nikanyamaza.

"Endelea," alisema mama mdogo.

Nikasoma tena kimoyomoyo. Mama yake yule kijana amekufa. Watu wanalia, yeye amesimama kando anahesabu viti. Kisha mwandishi amemtia maneno haya mdomoni: Sikuhisi kitu. Sisi hatuhisi.

"Hii siisomi."

"Wewe ni msomaji. Hata kama huipendi, isome hivyohivyo."

"Ni uongo, mama mdogo."

"Uongo na ukweli ni vya mwandishi. Sisi vyetu ni nukta na mikato."

Huo ndio uliokuwa mwiko wake: neno la mwandishi haliguswi. Ukilitilia shaka unaweka alama ya kuuliza pembeni, basi, mwenyewe ataamua. Lakini mara hii hata hiyo alama hakuiweka. Nikamuuliza nililokuwa naliogopa.

"Na wewe unaamini hivyo? Kwamba mama alipokufa mimi sikuhisi kitu?"

Alihangaika na kifuniko cha kalamu utafikiri kimegoma kufunguka. "Twende ukurasa unaofuata," alisema.

Niliinuka nikarudi nyumbani kwa miguu. Siku tatu sikusoma. Duniani nilikuwa na mtu mmoja tu niliyedhani ananijua, na sasa sikuwa na hakika naye. Niliumia, na sikuwa na namna ya kuumia ambayo watu wangeitambua. Meneja aliitaka kazi Jumatatu. Mama mdogo alijaribu kusoma peke yake, akashindwa, akazibeba karatasi nyumbani. Jumapili mchana alizitandaza kwenye meza ya chakula, akaketi mbele yangu.

"Niliamini," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kubembelezwa. Hilo sikulitegemea.

"Siku ile watu wote wanalia, wewe uko mlangoni unapanga viatu vya wageni, jozi kwa jozi. Shangazi yako akasema, huyu hana habari. Sikukutetea, kwa sababu na mimi nilifikiri hivyohivyo. Nisamehe, mwanangu. Lakini niambie, ulikuwa unafanya nini pale?"

Mwaka mzima hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Nilikuwa natafuta vya mama," nikasema. "Vile vya kahawia, vya mikanda. Alikuwa anaviacha mlangoni. Wageni walikuja wengi, wakavua vyao hapohapo. Nikaona mtu atavivaa kwa makosa aondoke navyo, halafu mama hatakuwa na viatu. Nilijua amekufa. Nilijua kabisa. Lakini sikuweza kuacha. Nilipanga vyote mpaka mgeni wa mwisho akaondoka, na vya mama havikuwepo."

Mama mdogo alijiziba mdomo kwa kiganja. Akainuka, akaingia chumbani, nikasikia mlango wa kabati. Alirudi na mfuko wa kitambaa, akatoa viatu vya kahawia vya mikanda, visigino vimelika upande wa nje kama mama alivyokuwa akikanyaga.

"Nilivichukua mimi," alisema. "Asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa. Nikavificha mkobani. Nilitaka nibaki na kitu chake. Mtu mzima mimi, naiba viatu vya marehemu! Nikaona haya kumwambia mtu. Nawe nakuona pale mlangoni, kumbe unatafuta nilichoficha."

Akanisukumia kalamu nyekundu. Ilikuwa mara ya kwanza kuishika. Pembeni mwa ukurasa ule niliweka alama ya kuuliza, na chini yake nikaandika: Anahesabu viti kwa nini? Hajaulizwa. Mwandishi, nikuambie mapema usije ukangoja bure, hakubadilisha kitu. Kitabu kilitoka vilevile na wengi wakakisifu.

Mchana ule sikuwa na habari naye. Nilikuwa nimepakata viatu, napitisha kidole kwenye kisigino kilicholika. Mama mdogo alilia kwa sauti, kama watu walivyolia siku ya msiba. Mimi sikulia. Aliutazama uso wangu mkavu, akasogeza kiti chake karibu na changu, wala hakushangaa.