Imeingia, Imekubali

Hebu mwone muuza chaja akifika dukani kwake: anafuta kioo cha kaunta kwa mkono wa shati, na kila anayepita ni "mteja wangu wa moyoni." Vidole vyake vyembamba husukuma betri yoyote ndani ya chaja yoyote, kisha huchekea puani: "Imeingia, imekubali!" Leo jirani yake mshonaji amemtupia juu ya kaunta betri ya tochi iliyobabuka.

"Umeniuzia chaja ya nikeli, kaka, na betri yangu ni ya lithiamu! Imejazwa kupita kiasi mpaka ikawaka, godoro limeungua mwanangu akiwa juu yake!"

"Pole, dada yangu. Lakini umeme ni umeme."

Mshonaji akachungulia nyuma ya kaunta. Betri za nyumbani kwa muuzaji zilikuwa zikichajiwa pale: za lithiamu kwenye chaja yake, za nikeli kwenye yake, kila chaja na kibandiko chenye mwandiko wa muuzaji mwenyewe.

"Kumbe unajua!"

Muuzaji akazifunika kwa kitambaa, taratibu. "Hizi si za kuuza, dada."

Haya, wenzangu: asiyejua huelekezwa. Huyu tumwelekeze nini?