Kila simu machimboni ilimtaja mama yangu mdogo

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe na siongezi chumvi. Kwa wanaosambaza kwamba nimekimbia Tarime: nipo Nyamisangura, hapahapa Tarime, nakunywa chai.

Twende.

Huku kwetu sasa hivi kila mtu ni dhahabu. Ugomvi mkubwa ni zamu ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Ukikosa zamu mawe yako yanalala nje, na wezi hawalali.

Nikatengeneza mfumo wa mtandaoni. Unajiandikisha, una-login kwa simu, unaona jina lako na zamu yako. Ukafanya kazi vizuri tu.

Mwenyekiti wa machimbo akaona unachelewa kufunguka. Akaleta fundi wake kutoka Mwanza, akaweka proxy mbele ya app, yaani mtambo wa kati ambao kila simu inapita kwanza kabla ya kuifikia app. Mimi sikuambiwa.

Asubuhi iliyofuata mama yangu mdogo Robi, mjane, akafungua kabla ya wengine. Zamu ya kwanza. Halali yake, alijiandikisha mapema.

Sasa kila aliyefungua baada yake akasoma: "Karibu Robi, zamu yako ni ya kwanza." Simu zote!

Nafika, viroba vyake vya mawe vimetupwa pembeni na yeye amevikalia. Wengine wanasema nimependelea ukoo wangu, wengine wanasema uchawi. Uchawi wa HTML, jamani?

Nikamwamkia mwenyekiti shikamoo, hakuitikia. Akaniambia kama kijana yeyote wa Kikurya, "Mura, futa huo mfumo. Turudi kwenye kuita majina kama zamani."

Anayeita majina ni shemeji yake, tuelewane.

Nikagoma. Nikakaa hapohapo, nikafungua laptop mbele yao wote, nikaingia kwenye server.

Nikamwita Marwa, aliyekuwa anafoka kuliko wote, aingize namba yake ya siri mwenyewe. Tukaigonga app moja kwa moja kwenye port yake, bila kupita kwenye proxy: jina la Marwa, zamu ya pili. Tukapita kwenye proxy: Robi. Na header, yale maelezo yanayokuja na ukurasa, inasema HIT, yaani hii ni nakala iliyohifadhiwa.

Nikajua. Yule fundi aliwasha cache kwenye kurasa zote, hata za watu walio-login. Proxy ikahifadhi ukurasa wa mama mdogo, ikawa inamgawia kila mtu nakala ileile.

Nikazima cache kwenye kurasa za zamu, nikafuta iliyohifadhiwa, nika-reload. Waka-refresh, kila mtu akaona jina lake.

Nikadhani yameisha. Mwenyekiti akanivuta pembeni, eti ili watu watulie, mama mdogo awe wa mwisho leo.

Hapo nilikasirika kweli. Nikajibu kwa sauti, wote wasikie: "Mzee, huyu mama hajaiba. Mkimrudisha nyuma leo, mmemwita mwizi mpaka atakapokufa. Mawe yake yanaingia kwanza."

Mama mdogo hakusubiri jibu, alibeba kiroba chake akapita katikati yao mpaka kwenye karasha. Hakuna aliyemzuia.

Nilichojifunza: usi-cache ukurasa wenye jina la mtu, na usiweke proxy mbele ya app ya mwenzako kimyakimya. Ila kubwa zaidi, fundi akishaona ukweli kwenye screen asikubali kuupunguza ili wakubwa wapumue.

Mnaoona nilimkosea heshima mwenyekiti, uwanja huo hapo, semeni. Radhi siombi.