Nafasi Katikati ya Theluji

Mdogo wangu aliyebaki kambini aliniomba kitu kimoja tu kila ilipofika Desemba: picha ya baridi. Hakuomba viatu wala simu. "Dada, nionyeshe huo ubaridi ninaoungoja," alisema, nami nilijua maana yake. Kule kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, watu waliokuwa wakingoja safari ya Marekani kama yeye walikuwa wameanza kuchoka na kujiandikisha kurudi Burundi. Tangu mwaka 2017 uanze, ofisi zilizokuwa zikiita majina zilikuwa zimenyamaza. Kila nilipopiga simu kuuliza, niliambiwa faili lake bado lipo. Lipo, lakini halitembei. Na mtu akishasaini kurudi, faili linafungwa. Kwa hiyo kazi yangu hapa Fort Worth, ukiacha ile ya ghalani iliyotulisha, ilikuwa kumfanya asisaini.

Tulizaliwa wanne. Baba alikufa kwanza, tukiwa bado Burundi, mama akamfuata kambini nikiwa darasa la tano, nikaacha shule nikaenda kupanga foleni ya posho mahali pake. Huyo wa kambini ndiye anayenifuata. Namwita baba, kwa kuwa alipewa jina la baba yetu. Alikuwa ameshaoa tulipoitwa kusafiri, hivyo yeye na mkewe walihesabiwa familia nyingine, wakaambiwa wangoje zamu yao. Mimi nikaja na wadogo wawili, msichana na mvulana. Tulifikia Houston, ambako baridi ni mvua na matope tu, kisha tukahamia Fort Worth kufuata kazi.

Picha ya kwanza niliyomtumia nilisimama katikati ya maegesho, koti nimelifunga hadi kidevuni, nyuma yangu gari lenye barafu kwenye kioo.

"Gari la nani?" aliuliza.

"La jirani."

"Jirani anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie alioshe, mwakani tunalipiga picha tena."

Mdogo wangu wa kike alikuwa ameanza chuo na amechukua somo la upigaji picha. Alipoiona hiyo picha alicheka hadi akakaa chini. "Dada, hii ni ya kitambulisho. Umejipigilia katikati kama msumari." Akanipa sheria alizofundishwa. Igawe picha kwa mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, kisha kitu chako kiweke mistari inapokutana, kisikae katikati. Upeo wa macho usiikate picha nusu kwa nusu. Tafuta kitu cha karibu, jiwe au njia, kilishike jicho na kulipeleka ndani. Mtu akitazama upande, mwachie nafasi mbele ya uso wake.

Nilizishika zote. Aliyekulia kwenye foleni haoni tabu kufuata mstari.

Tabu ilikuwa baridi yenyewe. Baridi ya hapa haina milima wala misonobari iliyobeba theluji kama ile ya kwenye kalenda. Ina nyasi zilizokauka zikawa rangi ya gunia, miti mitupu, dimbwi la maji ya mvua nyuma ya maghala, nguzo za umeme, na mbingu. Nilikwenda huko asubuhi nikitoka zamu, vumbi la maboksi bado liko kwenye nyusi, nikatafuta jiwe la kuweka mbele. Hapakuwa na jiwe. Nikasogeza kigari cha dukani kilichotupwa hapo, nikakiweka panapotakiwa, na mti mmoja nikauweka kwenye mstari kama nilivyoambiwa. Picha ikatoka nzuri, na ya uongo. Ilionyesha mahali ambapo mtu angependa kwenda kutembea Jumapili.

Basi nikaanza kuzivunja zile sheria. Nikaukata upeo katikati kabisa, nusu mbingu, nusu nyasi, bila kitu chochote cha kushikilia jicho. Hapo ndipo mahali pale palipofanana na palivyo. Ndege nikamnasa ukingoni kabisa, akitoka nje ya picha, mbele ya mdomo wake hakuna hata kidole cha nafasi. Nikaukata mti shingoni. Kadiri nilivyokosea ndivyo nilivyoziamini picha zangu.

Mdogo wangu wa kike alimwonyesha mwalimu wake baadhi. "Amesema una jicho," aliniambia, "ila hujui pa kuliweka."

"Mwambie liko pale lilipo."

Yule wa kambini naye alikuwa na lake.

"Hapa umepiga nini?"

"Uwanja."

"Wa mpira?"

"Wa bure tu."

"Dada, watu wanakuja kuangalia simu yangu. Niwaambie Marekani ni uwanja wa bure?"

Lakini alicheka. Na mimi nilijiambia kwamba mtu anayecheka bado hajasaini.

Januari moja theluji ikaanguka kweli. Ghalani wakatuambia tusije. Uwanja ulio nyuma ya jengo letu, kando ya reli, ukawa mweupe wote isipokuwa ncha za nyasi. Niliwatoa wadogo zangu nje na makoti yao, nikaisimamisha simu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Msichana nikamweka ukingoni kushoto, mvulana ukingoni kulia, mimi nikasimama karibu na mvulana, nusu ya bega langu ikiwa nje ya picha. Wote niliwataka watazame katikati, ambako hapakuwa na mtu. Theluji na mbingu vilikuwa vimeungana, upeo hauonekani ulipo.

"Tunaangalia nini?" mvulana aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Kaka yenu."

"Hayupo."

"Ndiyo maana tunaangalia. Tulia."

Sijawahi kupiga picha bora kuliko ile. Niliituma bila kuandika neno chini yake, kwa sababu niliona imesema yote.

Hakujibu. Nilipompigia hakupokea. Alipopiga mwenyewe, sauti yake ilikuwa kavu.

"Nani kawafundisha hivyo?"

"Nini, baba?"

"Mmeniwekea nafasi ya marehemu."

Kambini palikuwa na mpiga picha mmoja mwenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Familia iliyofiwa ilikwenda kwake ikasimama mbele ya pazia na kuacha nafasi katikati. Yeye alikata uso wa marehemu kutoka picha ndogo ya kitambulisho, akaubandika pale, kisha akaipiga picha upya, na familia ikawa imetimia. Mama yetu tulimfanyia hivyo. Ndugu walio hai hawaachiani nafasi. Wanabanana hadi mabega yagusane. Niliijua desturi hiyo vizuri kama yeye. Ila nilikuwa nimekaa muda mrefu nikivunja sheria za watu wengine, nikadhani zetu zimebaki kule pazia lilipo.

"Ile nafasi ni ya mtu anayekuja," nilimwambia.

"Anayekuja haachiwi nafasi, Dada. Akifika, watu wanasogea."

"Tulikuwa tunakungoja. Angalia nyuso zao."

"Mama mkwe kaiona. Mke wangu kaiona, kalia. Wananiambia, ndugu zako wameshakuzika kwenye barafu, wewe bado unangoja nini?"

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema nimechoka kutumiwa hali ya hewa."

Nikamwomba aifute. Nikamwambia nitapiga nyingine, tumebanana, tumecheka, miguu yote inaonekana.

"Theluji bado ipo?"

"Imeyeyuka."

"Basi."

Alisaini. Habari hiyo sikuipata kwake. Niliipata kwa mwanamke aliyekuwa jirani yetu kambini, ambaye sasa anaishi Carrollton, mji wa jirani, na ana ndugu kule kambini wanaompigia kila siku. Alinieleza kwa sauti ya pole, lakini nilisikia anafurahi kuwa wa kwanza kujua.

"Ungepiga ya kawaida tu, Dada," mdogo wangu wa kike alisema jioni hiyo. Huyu ndiye aliyenicheka kwa kusimama katikati.

Nikaenda kuosha vyombo, maana ningemjibu vibaya. Lakini naandika hapa kwamba picha ile haikukosea. Katikati yetu hapakuwa na mtu. Aliyemwondoa pale si mimi. Ni watu waliokaa kwenye ofisi zenye joto, wasiomjua kwa sura, wakaamua kwamba zamu yake isubiri, na hakuna hata mmoja wao aliyelaumiwa na mama mkwe wa mtu. Lawama ilinikuta mimi, niliyesimama kwenye baridi na ndoo. Ningetakiwa kuipiga tena, ningewapanga vilevile.

Alinipigia siku ya kuondoka, akiwa kwenye mstari wa mabasi ya kurudi Burundi. Nilikuwa mapumzikoni, nimekaa nje ya mlango wa kupakilia mizigo. Nilisikia mtoto wake analia na mtu akisoma majina kwenye kipaza sauti. Baada ya miaka yote ile, hatimaye jina lake lilikuwa linasomwa.

"Usilie, Dada. Sisi tunakwenda kwetu. Mkimbizi sasa ni wewe."

"Silii."

"Nakusikia."

"Ni upepo. Ukifika, litafute kaburi la baba uling'olee majani. Liko nyuma ya kanisa, upande wa migomba."

"Nitaling'olea."

"Na unitumie picha yake."

"Nitakueleza kwa mdomo," alisema. "Picha basi."

Amenieleza kwa mdomo. Migomba imekatwa, msalaba umeoza, ameweka mwingine wa mbao. Picha hajanitumia hata moja, na mimi sijamwomba tena.