Ukwato Uliotiwa Kalafati

Waliomuua yule farasi nawajua. Majina yao nayaacha, lakini kazi zao nitazitaja, na mtu aliyekuwa Malindi miaka ile atajijazia mwenyewe.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwetu Ganze. Tulijua mbuzi, ng'ombe wachache, na punda wa kubeba maji. Farasi nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, siku niliyoajiriwa kwenye hoteli moja ya ufuoni, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Waliletwa kutoka bara ili wageni Wataliano wapande, watembezwe mchangani. Saisi aliyekuja nao, yaani mtunza farasi, alinifundisha kazi kisha akarudi kwao. Alinambia farasi akiumia halii. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hujampa chochote, pitisha kiganja miguuni mwake, kutoka gotini mpaka ukwatoni. Palipo na joto, pana neno. Kisha mtazame anavyosimama. Mgonjwa huuinua mguu kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto akaona haya kusema.

Kulikuwa na jike mmoja wa rangi ya tende. Alikuwa akiniwekea kidevu begani nikimsugua, akinipumulia shingoni. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Seremala wa hoteli alikuwa akibomoa kibanda cha zamani cha ufuoni. Mbao akazitupa mchangani, misumari ikitazama juu. Nikamwambia, "Fundi, hapa ndipo wanapopita farasi."

"Kwani hawana macho?" akanijibu.

Huyo wa kwanza.

Jike akakanyaga. Msumari uliingia kando ya ile nyama laini kama mpira iliyo chini ya ukwato. Nilipouchomoa, damu haikutoka hata tone, na hilo ndilo lililonitisha. Kidonda kinachotoka damu angalau kinajiosha. Nikamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, nikaenda kwa meneja kumwomba amwite daktari wa mifugo wa Kilifi.

"Daktari, kwa tundu la msumari?" akasema. "Mimi juzi nimechomwa na mwiba wa samaki. Nani aliniitia daktari?"

"Bwana, farasi huyu..."

"Farasi huyu ana wageni kesho. Lizibeni hilo tundu maji ya bahari yasiingie. Basi."

Aliposema kuziba akamkumbuka fundi wa mashua, mzee wa Mambrui, aliyekuwa pale pale ufuoni akitia kalafati, yaani kuziba nyufa, kwenye mashua ya hoteli ya kuvulia. Akamwita. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chombo chenyewe ndicho hiki?" Akamzunguka jike taratibu, akainama kumtazama tumboni. "Nimeziba mashua tangu sijaota ndevu. Leo nimeletewa inayokula nyasi!"

Tukacheka sote. Akasokota pamba, akailoweka kwenye sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka, akaishindilia tunduni mpaka ikakaza. Juu akapaka lami. Kazi safi, siwezi kusema uongo. Pwani nzima nani asiyejua kwamba tundu huzibwa? Chombo chenye tundu huzama. Mzee yule simtii katika hesabu yangu. Alifanya alichojua, tena kwa mkono mwema. Nimtiaye ni aliyejua kwamba daktari yupo Kilifi na simu ipo mezani.

Jike akatembea. Meneja akawa anawaonyesha wageni ule ukwato mweusi na kujisifu, ati kule kwao wanajua mengi, lakini hili hawalijui.

Majuma yakapita kama mawili. Asubuhi moja nikaingia bandani, nikapitisha kiganja, nikakuta si mguu tu. Mwili mzima ulikuwa mgumu kama gogo. Masikio yamesimama, mkia umenyooka nyuma, miguu ameitanua kama meza. Nikamtilia pumba. Alitaka kula, nilimwona anataka, lakini taya hazikufunguka, na udenda ukamtiririka. Nilipomgusa kidevu, utando mweupe ukachomoza pembeni mwa jicho, ukalifunika nusu, ukarudi. Nikarudi kinyumenyume mpaka ukuta ukanizuia. Sikujua kwamba jicho la farasi lina pazia.

Mpishi akasema ni jini. Meneja akasema, "Amechoka huyo, mpumzishe." Fundi wa mashua akaja, akamzunguka jike kama siku ile, akautazama ukwato. Kisha akaenda posta akapiga simu Kilifi yeye mwenyewe.

Daktari alifika siku ya pili mchana. Hakuuliza mengi. Akakwangua lami, akaivuta pamba, na kwa harufu iliyotoka pale tukakimbilia mlangoni.

"Pepopunda," akasema. "Tundu la msumari halizibwi. Linapanuliwa chini, linaoshwa, linaachwa lipumue. Mdudu wake hapendi hewa. Ninyi mmemfungia ndani."

Mzee wa Mambrui akakaa chini mchangani.

"Atapona?" nikauliza.

"Nimemdunga sindano. Mweke gizani, na kelele isiwepo. Hata ndoo isianguke. Akishtuka, misuli yote inakaza kwa pamoja, anaanguka. Akipata utulivu, pengine."

Nikaziba madirisha kwa magunia. Nikavua viatu. Nikambandika kitambaa chenye maji midomoni akawa anakifyonza kidogo kidogo, na mimi nikaanza kutumaini.

Ndipo nikaona vijana wa ngoma wanateremsha vifaa vyao nyuma ya banda. Wageni wapya walikuwa njiani, na wageni hupokewa kwa ngoma. Nikamkimbilia meneja.

"Bwana, nakuomba, ngoma ipigwe upande wa pili. Daktari amesema..."

"Daktari wenu mliyemwita bila ruhusa yangu?"

"Upande wa pili tu, bwana."

"Niwapokee wageni jikoni kwa sababu ya farasi? Nenda kazini!"

Nikarudi mbio. Nilikuwa nimemshika shingo, nikimnong'oneza, ngoma ya kwanza ilipolia. Aliruka juu mzima mzima, kama aliyevutwa kwa kamba, akaniangukia. Mguu wangu niliusikia ukivunjika kabla sijausikia ukiuma. Jike akakakamaa juu yangu, pazia la jicho likiwa limefunga, akatetemeka, akatulia. Nje wageni walipiga makofi. Vijana wa ngoma hawakujua; walikuwa watu wa kwetu, na ndio walionitoa.

Meneja aliandika kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemshtua farasi. Baadaye akapewa hoteli kubwa zaidi. Mimi nilipewa fimbo, na hadi leo natembea nayo.

Fundi wa mashua alikuja kunitazama hospitalini. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, kidonda kilikuwa wazi, na muuguzi alikuwa akikunja bandeji. Mzee akamshika mkono.

"Mwanangu, nakusihi, usikizibe."

Muuguzi akacheka. "Mzee, hii ni shashi tu, hewa inapita."

Hakumwachia. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Apa," akamwambia. "Apa kwamba inapita."