Mngurumo Ndani ya Mashine ya Etyang

Nakumbuka siku moja pale Malaba, mwanangu, na hata kuikumbuka kunanichosha. Umeniuliza kama sauti iliyokuja ndani ya kompyuta inatosha, ama utafute kadi ya sauti kando. Keti. Swali ni dogo, lakini lilimpotezea rafiki yangu kazi.

Etyang tulikua pamoja. Aliuza baisikeli yake ya boda boda, akanunua kompyuta, akafungua chumba cha kurekodi kaseti karibu na mpaka wa Uganda. Hiyo miaka ya tisini, watu walikuwa wanakuja tu kuiangalia. Mimi nilikuwa fundi wake, niliyejifundisha kwa kufungua na kufunga. Elimu yangu ilikuwa mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa moto.

Mteja wa kwanza alitoka Moding, Mzee Emodo, Mteso mpigaji wa akogo, ile ala ndogo ya vyuma ya kuchezwa na vidole gumba. Sauti yake iko chini, kama mtu anakunong'onezea. Kaseti yake ikitoka vizuri, Wateso wote wangekuja kwa Etyang.

Asubuhi hiyo, kabla mzee hajafika, mama mmoja Mganda muuzaji wa vipuri alipita akasikia tukijaribu mitambo.

"Boss, hii sauti ya ndani inashika kelele ya mashine yenyewe. Wekeni kadi kando. Ninayo hapa kwa begi."

Nikawaka. "Mama, rudisha takataka yako Tororo! Mashine ya ndugu yangu haina ugonjwa!"

Etyang akaangalia chini. Mama akafunga begi polepole. "Haya, ssebo, bwana wangu. Mashine ni yenu, na masikio ni yenu."

Basi mzee akaja, akapiga akogo mpaka jasho likamtoka. Tulipomchezea kaseti, ilikuwa inanguruma kama kinu cha kusaga posho, akogo iko mbali huko nyuma.

"Vijana," akasema, "mimi nilikuja na akogo. Sasa haya mahindi mnasaga ni ya nani?"

Nikaanza kufoka eti kaseti ndiyo mbovu. Mzee akaniinulia mkono ninyamaze. "Wewe unampenda huyu kijana, ama unapenda sanduku lake?"

Ndipo Etyang akaniambia, sauti chini kabisa: "Hiyo kelele mimi niliisikia tangu juzi. Ile kadi niliitaka. Lakini vile ulinitetea, ningekuaibisha aje?"

Mzee akafunga akogo yake kwa kitambaa, akaenda. Habari ikamtangulia Moding. Hakuna mwingine alikuja. Etyang akauza kompyuta, akarudi kubeba watu, sasa kwa baisikeli ya mtu mwingine. Hakunilaumu hata siku moja. Hiyo ndiyo inanichosha mpaka leo.

Kwa hivyo mwanangu, kama ni kusikiliza nyimbo tu, sauti ya ndani inatosha, usijisumbue. Kama ni kurekodi sauti ya mtu, nunua kadi kando. Lakini kwanza nyamaza, usikilize. Na kitu cha rafiki yako kikiwa na kasoro, mwambie wewe, mkiwa wawili, kwa upole. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha uchi wa rafiki yangu kwa kelele.

Enda salama. Mungu akupe masikio zaidi ya mdomo, na rafiki ambaye hataogopa kukukatiza.