Sauti ya Nyanya Katikati ya Magitaa

Juzi nilikuwa Malindi, dukani, nachagua kifuniko cha simu, mara ukapigwa wimbo wa shangazi. Kijana muuzaji aliuimba kwa moyo wote, nami nikacheka peke yangu mpaka akanitazama vibaya. Ningemwambia nini? Wimbo ule, rafiki yangu, ulitengenezwa nyumbani kwetu Takaungu, na mimi nilikuwamo.

Nilikuwa darasa la nne. Shangazi, dada mdogo wa baba, alishona nguo asubuhi na kupiga gitaa la umeme alasiri. Alipenda roki, muziki wa magitaa yanayonguruma, na hakuna aliyejua ulimwingiaje. Wenzake wawili walikuja kutoka Kilifi, mmoja na ngoma zake, mwengine na gitaa la besi, wakafanya mazoezi katika chumba cha uani kilichokuwa cha kuwekea makuti. Siku ya kurekodi waliegemeza magodoro yetu yote ukutani, sauti isirudi rudi.

Sisi watoto tulipewa kazi ya kupiga makofi. Nyanya, mamake shangazi, alikuwa jikoni hapo karibu akikuna nazi, na harufu ya mbaazi ilitupotezea makini kabisa. Kila tulipokosea shangazi alisema, "Haya, tena, wanangu," na ikawa tena na tena mchana kutwa.

Hatimaye ikaenda vizuri. Kabla ya kiitikio, kama walivyopanga, wote wakanyamaza kidogo. Katika kimya kile mlango ukafunguliwa kwa kishindo, na Nyanya akasimama kizingitini.

"Punguzeni nyinyi, mtoto kalala!"

Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wangu mchanga. Mpiga ngoma aliposhtuka, fimbo zikaangukia ngoma, gitaa likalipuka, na wimbo ukaendelea. Walipousikiliza kwenye kompyuta walicheka hadi wakakaa chini. Sauti ile wakaiacha palepale. Nyanya hawakumwambia.

Baada ya muda redio ya jirani ikaupiga, nasi tuko uani. Shangazi aliacha kushona. Chumba kile cha mazoezi kilikuwa cha Nyanya. Neno lake moja lingekifunga. Wimbo ukafika pale pa kimya, na kelele za Nyanya zikasikika kupitia ukuta wa jirani, wazi kabisa. Nyanya akaacha kukuna nazi.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, mama," shangazi akasema kwa sauti ndogo. "Tuwie radhi."

Nyanya akafuta mikono kwenye leso, taratibu.

"Sasa mbona mmeniweka mara moja tu?"

Shangazi alimrukia akamkumbatia, nusura wapindue mbuzi ya kukunia nazi.

Wimbo ukavuma, Kilifi mpaka Mambrui. Mwalimu wetu wa hesabu alipotuambia tupunguze kelele, darasa zima likamjibu, "Mtoto kalala!" Akajaribu kukunja uso, akashindwa. Sokoni wauza samaki walimpokea Nyanya kwa maneno yale yale. Alijifanya kukasirika, lakini tangu hapo hakwenda sokoni bila wanja.

Kisha wakaalikwa kupiga uwanjani Kilifi. Nyanya alikaa mstari wa mbele, buibui lake jipya, pamba masikioni. Muziki uliponyamaza, shangazi aliuelekeza mkono kwake, na uwanja mzima ukayapaza maneno yale badala yake. Nyanya alicheka hadi machozi yakamharibia wanja.

Shangazi sasa ana watoto wake, anaishi Malindi, na wenzake kila mmoja ameshika njia yake. Nyanya ametangulia mbele ya haki. Chumba cha makuti kimebomolewa, pamejengwa vyumba vya kupangisha, safi, vya kimya. Watu hudhani ninachokosa ni ule umaarufu wetu. Sivyo. Nakosa nyumba ambayo mtu aliweza kupiga kelele mchana kutwa, akakaripiwa mbele ya wenzake, kisha akaitwa kwa jina lake aje kula mbaazi zingali moto.