Nyongeza Inatoka Wapi

Iko siku moja ya wakati wa Wadachi, Wajerumani wale, ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Nilisimama mbele ya duka la Bwana Stavro, hapahapa Rumonge kando ya ziwa, ngazi begani, tambara mkononi, na kabla sijatia mguu ndani nikataja bei. Mwanangu, wewe unayeanza kazi yako mwenyewe, soma polepole. Bei ile ilikaribia kunirudisha kwenye mzigo.

Mimi shule sikuikalia. Herufi nilizijua ukubwani, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu, asinicheke mtu. Nilianza upagazi nikiwa kijana, nikabeba mizigo ya watu mpaka shingo ikaota sugu. Baadaye, kule Usumbura, nikapata kazi katika nyumba ya Mdachi mmoja, na huko ndiko nilikojua kioo: majivu yaliyochekechwa, maji ya limau, halafu tambara kavu, usugue mpaka uone meno yako. Niliporudi niliapa sitabeba tena mzigo wa mtu. Maduka yenye vioo yalikuwa machache, lakini wenyewe walijivuna navyo, na hakuna aliyejua kuviosha bila kuacha michirizi. Nikamchukua rafiki yangu Juma, mtu wa Gatete. Yeye ateke maji na kushika ngazi, mimi nioshe, tugawane nusu kwa nusu.

Stavro alikuwa Mgiriki, lakini mdomo wake ulikuwa wa soko letu kabisa.

"Iko bei gani?" akauliza.

"Rupia mbili, bwana."

"Mbili! Unaosha vioo ao unavinunua?"

Tukavutana, tukashukia rupia moja na nusu. Nikadhani tumemaliza. Akanyoosha kidole: "Haya. Na nyongeza?"

Hapa nikueleze. Mwambao huu mtu hanunui mawese bila nyongeza. Muuzaji akikujazia kibuyu, lazima achote tena kidogo akumiminie, asipofanya hivyo soko zima litamwita bahili. Na mimi nililelewa na shangazi yangu Mwamini, muuza mawese yaliyotoka Kizuka. Kwangu neno nyongeza lilikuwa kama salamu, huwezi kuliacha bila jibu. Basi nikajibu kwa sauti kubwa, kama tajiri: "Nyongeza, nakuoshea na madirisha ya ghala!"

Ghala lenyewe sikuwa nimeliona.

Kumbe ndimo alimoweka mapipa ya mawese. Wafanyakazi walifungua madirisha kwa mikono yenye mafuta, vumbi likaja likakaa juu yake, na moshi wa wanaochemsha chikichi jirani ukamalizia. Maji yaliteleza tu. Majivu yakawa tope. Nikanunua sabuni kwa fedha yangu, ikaisha, nikanunua nyingine. Juma alipanda na kushuka ziwani na ndoo, jua likazama, tukarudi kesho yake, na kesho kutwa.

"Ndugu yangu," Juma akasema, "kazi tulimaliza juzi. Tangu jana tunaosha nyongeza."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Iko msafara unaondoka Ijumaa, wanatafuta wapagazi. Kule angalau mzigo wanakuonyesha kabla hujaubeba."

Neno lile lilinichoma. Ngazi haijishiki yenyewe. Juma akienda, nami nitamfuata, na kiapo changu kimekwisha. Na Stavro, alipoona ghala linang'aa, akafurahi kweli, akataka tuje kila mwezi: bei ileile, nyongeza ileile. Nikamwambia nitamjibu. Juma nikamwomba anipe mpaka Alhamisi, nitaje bei moja tu nyingine.

Nikaenda sokoni kwa shangazi. Alikuwa anammiminia mama mmoja. Nikamsimulia habari ya ghala na ya Juma.

"Shangazi, mbona wewe unatoa nyongeza kila siku na hufi njaa?"

Akainua kata yake ya kuchotea. "Mupumbavu wee! Hii unafikiri naitoa wapi? Asubuhi, kabla sijatandika mukeka, nimekwisha kuitia ndani ya bei. Huyu mama anaifurahia, na ameilipa." Yule mama akaguna, lakini kibuyu hakurudisha. "Wewe yako umeitoa wapi?"



"Mugongoni mwa Juma," akajijibu. "Sasa ondoka, unanizibia wateja."

Alhamisi tukaenda kwa Stavro. Safari hii mdomo niliufunga. Nikaingia ghalani, nikakwaruza kioo kwa ukucha, nikanusa. Nikatazama dirisha lipi linafunguka na lipi limepigiliwa misumari. Nikapanda ngazi, nikashuka, nikaenda mpaka ziwani na kurudi.

"Unaoa dirisha ao unaliosha?" Stavro akaniuliza.

"Vioo vya duka, rupia mbili," nikasema. "Vya ghala, mbili na nusu, maana vina mafuta."

"Ghala kupita duka! Juzi lilikuwa bure!"

"Juzi nilikuwa sijalijua, bwana."

"Nitaita wengine."

"Waite. Amahoro, bwana, kaa salama."

Nikainua ngazi mbele, Juma nyuma. Miguu ilinitetemeka, mwanangu, sikufichi, lakini shingo sikuigeuza.

"Ile moja na nusu alikuwa tayari kuitoa, wewe," Juma akanong'ona.

"Tembea."

Tulipofika kwa wauza mawese, shangazi alituona. Hakusema neno, aliinua kata tu. Ndipo tukasikia nyuma yetu: "Weye wa ngazi! Rudi! Lakini nyongeza?"

"Nyongeza iko, bwana! Kioo cha mlangoni!"

Kioo kile nilikuwa nimekwisha kukitia ndani ya ile mbili na nusu.

Ijumaa msafara uliondoka. Juma aliutazama ukipita, mikono yake yote miwili imeshika ngazi yangu.

Basi, mwanangu, usitaje bei ukiwa mlangoni. Ingia, guza, panda, jua maji yako yanatoka wapi na uchafu ni wa namna gani. Nyongeza toa, usiwe bahili, lakini iweke ndani ya bei kabla hujafungua mdomo, isije ikatoka mgongoni mwa anayekushikia ngazi. Na ukishataja, simama hapo. Wakikucheka, beba ngazi yako uende.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka hata miguu ikitetemeka, na akupe mwenzio wa kushika ngazi mpaka uzee wako. Amina.